Hapana, Medi-Cal haijakuajiri

Jumapili asubuhi, nachambua mchele, simu ikalia. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, dakika tatu na ushee. "Shikamoo dada. Dada, barua imekuja! Nimekubaliwa Medi-Cal! Sasa nauliza, mshahara wao unaingia kila wiki mbili au mwisho wa mwezi? Maana kesho nataka niwaambie kule kazini kwamba maboksi basi."

Nikaacha mchele. Nikampigia hapo hapo kabla hajaandika barua ya kuacha kazi. Huyu ni wa saba tangu mwaka uanze, na wote wana akili zao timamu. Basi leo naandika mara moja, na wa nane nitamtumia hii.

Medi-Cal haijakuajiri. Imekuandikisha. Ni bima ya afya ya jimbo la California kwa wenye kipato kidogo, na wewe ni dula, kama mimi: mtu wa kukaa na mama tangu mimba, kwenye uchungu, mpaka baada ya kujifungua. Jimbo la California limekagua karatasi zako, likakuingiza kwenye orodha ya watu ambao wakituma dai la malipo, dai litasomwa. Litasomwa, nimesema. Ni kama kupewa kizimba sokoni. Kizimba chako, funguo unazo, jina lako liko kwenye daftari la soko. Nyanya hujaleta na mteja hajapita.

Hatua zenyewe za kujiandikisha sitazichambua sana, maana hapo watu hawakosei. Unachukua NPI, namba ya taifa ya mtoa huduma za afya, ambayo ni bure, na anayekutoza hela kukutafutia NPI anakuibia. Kwenye fani yako unaweka 374J00000X, ndiyo ya dula. Unaingia PAVE, mfumo wa jimbo wa kujiandikisha mtandaoni, unajaza, unapandisha vyeti: CPR, yaani kumfufua mtu aliyekata pumzi, ya watu wazima na ya watoto wachanga, na mafunzo ya HIPAA ya kutunza siri za watu. Uwe umetimiza miaka 18. Halafu unachagua njia moja kati ya mbili: ya mafunzo, yaani saa 16 darasani na uthibitisho kwamba umesimama na akina mama watatu wakijifungua, au ya uzoefu, miaka mitano ya kazi ndani ya saba iliyopita, pamoja na barua tatu za watu wanaokujua kwa kazi hiyo. Hiyo "saba iliyopita" isome vizuri. Bibi aliyewashika mikono wazazi wote wa mtaa wake pale kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mpaka 2012, kisha akapumzika, kwao hana uzoefu. Mpeleke darasani. Atawafundisha waalimu, lakini mpeleke.

Na kabla sijasahau: dula si mkunga. Hapimi njia, hasikilizi mapigo ya mtoto, hapokei mtoto, hakati kitovu. Tumemaliza.

Sasa tuje penye nyanya zenyewe.

Watu wengi wenye Medi-Cal hawatibiwi na jimbo moja kwa moja. Wamewekwa kwenye mpango wa afya. Jimbo linaupa mpango kiasi fulani kila mwezi kwa kila mtu, na mpango ndio unaowalipa madaktari, maabara, na wewe. Hapa San Diego mipango iko kadhaa, na kila mmoja una mlango wake, fomu zake na mtu wake wa mikataba ambaye yuko likizo. Barua uliyopata inatoka kwa jimbo. Bila mkataba na mpango wa mama unayemhudumia, mpango hauna kawaida ya kumlipa mgeni asiyejulikana, hata awe na barua ya dhahabu. Ndiyo maana nasema kuandikishwa ni hatua ya kwanza. Kuna madula ninaowajua waliokaa miezi na barua yao ndani ya fremu ukutani, hawajatuma hata dai moja.

Kwa hiyo nikifika kwa mama mara ya kwanza, kabla ya kuuliza miezi mingapi, nasema: mama, nionyeshe kadi. Mwaka juzi mama mmoja wa City Heights, Mkongomani, alimwaga mkoba wote juu ya meza: kadi ya jimbo, kadi ya mpango, kadi nyingine ya mpango mwingine, na ya maktaba. "Hizi zote ni zangu," akasema kwa fahari. Zilikuwa zake kweli, ila ile ya mpango wa kwanza ilikuwa imekufa. Alihamishwa mwezi wa saba wa mimba, barua ya kuhamishwa ikaja kwa Kiingereza, akaihifadhi vizuri sana ndani ya Biblia. Mimi nilikuwa na mkataba na ule mpango uliokufa. Nilikuwa nimeshamtembelea mara mbili bila kuangalia kwenye mfumo kama bima iko hai na iko wapi. Kosa langu, si la mtu. Mara mbili hizo sikulipwa, na mama sikumdai hata senti, kwa sababu sheria ya California hairuhusu mtoa huduma wa Medi-Cal kumdai mwenye Medi-Cal kwa huduma ambayo bima inaigharamia. Hili nalo wengi hawalijui: ukishaandikishwa, ile desturi ya "nipe mia mbili tu mama, mengine bima" imekufa. Angalia bima kabla ya kila ziara. Kila ziara, nimesema, si kila mama.

Kuna jingine linalozunguka kwenye makundi yetu, kwamba lazima kila mama alete barua ya daktari. Chanzo chake ni cha kweli. Kwa kanuni ya serikali ya shirikisho, huduma hii imeingizwa kama huduma ya kinga, na huduma ya kinga lazima ipendekezwe na daktari au mtaalamu mwingine mwenye leseni. Mwaka 2023 huduma ilipoanza, Januari, tulihangaika kweli; kuna daktari aliniuliza kama dula ni aina ya chanjo. Lakini tarehe 1 Novemba mwaka huo huo jimbo likatoa pendekezo moja la jumla kwa wajawazito wote wa Medi-Cal na waliojifungua ndani ya mwaka. Linatosha kwa ziara ya kwanza, ziara nyingine nane kabla au baada ya kujifungua, kuwa naye kwenye uchungu, na ziara mbili ndefu za saa tatu baadaye. Hata mimba ikiharibika, au mtoto akizaliwa amefariki, mama ana haki ya kuwa na mtu. Barua mpya inahitajika tu akitaka ziara za ziada baada ya kujifungua, mpaka tisa. Kwa hiyo acheni kuwasumbua akina mama na foleni za barua.

Dai lenyewe. Kusindikiza uzazi wa kawaida kunaandikwa kwa msimbo 59409. Huo ni msimbo wa daktari anayezalisha! Wametupa sisi huo huo, wakasema tuongeze herufi XP pembeni ili mashine ijue huyu ni mtu mwingine, kazi nyingine. Dai langu la kwanza la uchungu nilisahau XP. Saa 19 nimesimama, mgongo umekufa ganzi, wiki kadhaa baadaye napata jibu kwamba uzazi huo umeshalipiwa kwa daktari. Kwa macho ya kompyuta mimi nilikuwa tapeli aliyedai kumzalisha mtoto wa watu. Siku hizi XP nimeibandika kwa karatasi ya njano kwenye kioo cha kompyuta, na nyingine jikoni.

Linalonikera kuliko yote ni hili ninalofika sasa, na wala si la hela.

Kwetu Tanga mzazi ni mwanamke aliyejifungua juzi, na mzazi anakandwa. Maji ya moto, kitambaa, mikono ya mtu mzima. Anafungwa mkaja tumbo lirudi. Anafukizwa. Anakunywa uji wa pilipili manga, hatoki mpaka arobaini. Nenda kwa Warundi, nenda kwa Wakongo, nenda kwa Wasomali, kila mmoja ana yake lakini hakuna anayemwacha mzazi ajikokote peke yake. Jimbo lilipotangaza bima italipa madula wanaofuata utamaduni wa mama, tulipiga vigelegele. Kisha nikasoma mwongozo mpaka ukurasa wa visivyolipiwa. Kukanda mama: hakulipiwi. Kumkanda mtoto: hakulipiwi. Kufunga tumbo kwa kimila: hapana. Kujifukiza: hapana. Nikacheka peke yangu. Mtu amekaa ofisini Sacramento, akaandika orodha ya mambo yote ambayo bibi yangu aliyaita kazi, akayapiga mstari.

Halafu ukiendelea kusoma, utakuta kitu kitamu. Dula anaweza kukunja nguo za mama wakati wa ziara, mradi kukunja kuwe pembeni na kazi yenyewe iwe mazungumzo na msaada. Kwa hiyo nguo zilizofuliwa zikiwa kochini, mimi nakunja kanga huku nikimuuliza damu inatoka vipi, amelala saa ngapi, ziwa linauma upande gani, na hiyo ni ziara halali. Bibi mkwe wake yuko bafuni na sufuria la maji ya moto, anamkanda, hiyo si ziara, hiyo ni familia. Wote tumo nyumba moja, saa moja. Kwenye kumbukumbu naandika nilichokifanya mimi na muda wake: "nimezungumza na mama kuhusu kunyonyesha na usingizi, saa moja na dakika kumi." Maji ya moto siyaandiki kwa sababu sikuyagusa. Nawasisitiza wanafunzi wangu: usiandike ulichoona, usiandike ulichotamani, andika ulichokifanya. Kumbukumbu hizo jimbo likizitaka unazitoa, na ukikutwa umeita kukanda kwa jina jingine, barua yako ya fremu itashuka ukutani.

Je, huo ni utamaduni ulioheshimiwa au uliopigwa chenga? Nimebadili mawazo mara nyingi. Kuna siku naona ni sawa, mkandaji ni mkandaji na dula ni dula, hata nyumbani somo hakuwa mkunga. Kuna siku namtazama mama ambaye hana bibi wala mama mkwe upande huu wa dunia, amekaa peke yake kwenye chumba kimoja pale El Cajon Boulevard, na mimi ninayejua kukanda nimeshika kalamu.

Kuhusu hela, maana najua ndiyo mnayosubiri. Viwango vilipanda mwanzoni mwa 2024, na kwa kweli vya California si vibaya. Lakini uchungu unalipwa kwa mkupuo. Mama akifungua njia kwa saa nne au kwa saa thelathini, ni kiasi kile kile. Kulala na simu kifuani wiki tatu ukisubiri chupa ipasuke hakuna msimbo wake. Na wewe ni wa kujiajiri, hakuna wa kukukatia kodi kabla. Kodi ya kujiajiri peke yake ni asilimia 15.3, juu yake ya mapato, na IRS, watu wa kodi wa serikali ya shirikisho, wanataka kidogo kidogo Aprili, Juni, Septemba na Januari. Yule dada wa maboksi, mwajiri wake analipa nusu ya ile asilimia bila yeye kujua. Nilipomwambia akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

Kazi yenyewe ninaiamini, ila si kwa namna ya matangazo. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio kutoka nchi 17, wanawake zaidi ya 15,000, na waliokuwa na mtu wa kukaa nao muda wote walipasuliwa mara chache zaidi na uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo. Naam. Lakini mbele ya mama mmoja, usiku mmoja, siwezi kusema mimi ndiye niliyemwepusha na kisu. Nimekaa na akina mama waliofanya kila kitu sawa wakaishia chumba cha upasuaji, na nimechelewa kwa mmoja, njia za magari zimefunga, nikamkuta mtoto yuko kifuani na mama ananicheka.

Mwanangu uliyetuma sauti, kesho usiwaambie kitu kule kwenye maboksi. Piga simu kwenye mipango, omba idara ya mikataba, andika jina la aliyepokea na saa. Madai usiyalimbikize, Medi-Cal yenyewe inayataka ndani ya miezi sita baada ya mwezi wa huduma, na mipango ina tarehe zake. Ukipata mama wa kwanza, niite twende wote siku ya kadi.

Mchele nimeumalizia saa saba. Dai langu la Februari nimelitazama sasa hivi, bado limeandikwa "linashughulikiwa".