Kasi ya shata: kwa nini mto uleule hutoka tofauti Machi na Agosti

Shata ni pazia dogo ndani ya kamera. Linafunguka, mwanga unaingia, linajifunga. Muda linaobaki wazi ndio unaoitwa kasi ya shata, nao huandikwa kwa sehemu za sekunde: 1/500, 1/60, 1/4, hadi sekunde nzima na zaidi. Ukipiga mlima Rungwe siku tulivu, utaona tofauti ndogo tu. Ukipiga maji yanayokimbia, muda huo ndio unaoamua picha.

Chukua mto Kiwira pale Daraja la Mungu, wilayani Rungwe, unapopita chini ya upinde wa mwamba wa volkano. Kwa 1/500 matone husimama hewani. Kwa 1/30 maji huanza kuvutika. Kwa nusu sekunde unapata michirizi, na bado unajua maji yanaelekea wapi. Kwa sekunde tano au kumi, yote yamekuwa utando mweupe. Wapo wanaoupenda mno utando huo. Mimi huishia nusu sekunde, maana maji yakilainishwa kupita kiasi kila maporomoko hufanana, na maporomoko ya Kaporogwe, hukohuko Rungwe, hayana tofauti na bomba lililopasuka.

Sasa weka majira. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili au Mei, ingawa Rungwe hunyeshewa karibu mwaka mzima. Machi mto umejaa na unakimbia. Maji yakienda kasi mara mbili, nusu ya muda inatosha kutoa michirizi ya urefu uleule. Kwa hiyo 1/8 mwezi Machi huweza kukupa kile ambacho Agosti kingehitaji robo sekunde. Lakini maji ya Machi mara nyingi yana tope, na tope likipigwa kwa muda mrefu hugeuka bapa la kahawia lisilo na uhai. Hapo afadhali 1/250, uonyeshe mawimbi na povu. Usisogee ukingoni, kwani mvua ikinyesha milimani mto hupanda ghafla hata kama ulipo ni pakavu.

Agosti mambo yanageuka. Kwenye Ruaha Mdogo, Iringa, maji ni machache na safi zaidi, mawe yako wazi, na muda mrefu ndio unaopendeza. Tatizo ni mwanga. Mbingu haina mawingu, na shata ikikaa wazi sekunde nzima mchana, picha inaungua yote ikawa nyeupe. Kwenye jua kali, ukiweka ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kunasa mwanga) na tundu la lenzi f/16, yaani tundu dogo, kasi inayotakiwa ni karibu 1/100. Dawa ni filta nyeusi, kioo kinachovalishwa mbele ya lenzi kuzuia mwanga bila kubadili rangi. Filta ya hatua sita, kila hatua ikikata mwanga nusu, hupunguza mwanga mara 64, na ile 1/100 inakuwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Asiye na filta aende alfajiri, au atafute korongo lenye kivuli. Stendi ya kamera ni lazima, mkono hauwezi kutulia muda huo. Tumia na kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise kamera.

Mwenye simu naye hajaachwa. Simu nyingi za sasa hupiga picha nyingi za haraka na kuziunganisha, maji yakatoka laini hata jua likiwa kali. Ila nayo iegemeze kwenye jiwe.

Kuna mito ambayo mwishoni mwa kiangazi haina cha kulainisha. Ruaha Mkuu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, umekuwa ukikauka sehemu kubwa tangu miaka ya 1990.

Kitulo ndiko kugumu zaidi. Ni tambarare ya juu, karibu mita 2,600 na zaidi, na maua yake huchanua msimu wa mvua. Kijito kinataka sekunde nzima, ua linalopeperushwa na upepo linataka 1/250, na vyote viko kwenye fremu moja. Piga picha mbili bila kugusa stendi, moja ya maji na moja ya maua, uziunganishe kwenye kompyuta. Ukiongeza ISO kwa ile ya maua, chembechembe zitakuwepo, lakini ni nafuu kuliko petali zilizofutika.