Mlo wa ketojeniki kwa mtoto mwenye kifafa: una maana gani hasa?

Neno "keto" limeenea sana siku hizi. Ukiingia mtandaoni utakuta picha za matumbo kabla na baada, sahani za nyama choma na parachichi, na vikundi vya WhatsApp vya watu wanaopunguza uzito. Kwa hiyo mzazi anayeuguza mtoto mwenye kifafa akisikia kwamba "keto inasaidia kifafa", wazo la kwanza linalomjia ni kumnyima mtoto ugali na kumwongezea mayai. Hatari huanzia hapo. Mlo wa ketojeniki unaotibu kifafa ni tiba ya hospitali. Una dozi na madhara kama dawa nyingine yoyote, na hupimwa kwa gramu kwenye mizani, mlo baada ya mlo. Ndio uliotangulia, miaka mia moja iliyopita, na ulibuniwa kwa ajili ya kifafa. Ule wa kupunguza uzito umeazima jina.

Kwa kifupi, ni mlo wenye mafuta mengi mno, protini ya kumtosha mtoto kukua, na wanga kidogo sana. Neno "mengi" lisikupite hivi hivi. Kiwango cha mlo huandikwa kwa uwiano, na ule wa kawaida ni nne kwa moja: kwa kila gramu 1 ya protini na wanga vikijumlishwa pamoja, mtoto anakula gramu 4 za mafuta. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, na gramu moja ya protini au wanga hutoa kalori 4. Piga hesabu: gramu 4 za mafuta ni kalori 36, gramu 1 ya vile viwili ni kalori 4, jumla 40. Asilimia 90 ya nguvu ya mtoto huyu inatoka kwenye mafuta.

Tuchukue mtoto wa kilo 15 aliyepangiwa kalori 1,000 kwa siku. Ukigawa 1,000 kwa 40 unapata 25. Basi mafuta yake ni gramu 100, na protini na wanga kwa pamoja gramu 25. Protini anahitaji walau gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani 15. Wanga inayobaki ni gramu 10, za kutwa nzima. Ndizi mbivu moja ya ukubwa wa wastani ina wanga karibu gramu 27. Mtoto huyu akiokota ndizi moja mezani na kuila yote, amemaliza wanga ya zaidi ya siku mbili na nusu.

Sahani yenyewe je? Kwa mtoto huyo huyo, mlo mmoja kati ya mitatu unaweza kuwa gramu 35 za yai (hata yai zima halifiki!), gramu 40 za parachichi, gramu 20 za siagi, gramu 8 za mafuta ya kula, na vipande vichache vya nyanya. Nimeuandika uone sura ya jambo, usiupike. Mpango wa mwanao huandikwa na mtaalamu wa lishe akizingatia uzito wake, umri wake, dawa anazotumia na majibu ya vipimo vyake. Watoto wachanga, kwa mfano, mara nyingi huanzishiwa uwiano wa tatu kwa moja, kwa sababu wanahitaji protini zaidi ili wakue.

Mafuta yote haya yanafanya nini? Kwa kawaida ubongo huendeshwa na glukosi, sukari inayotokana na ugali, wali, muhogo na viazi. Wanga ikikosekana, mwili hugeukia mafuta. Yeyote aliyewahi kufunga anajua mwili haukwami kwa kukosa chakula cha mchana; saumu ya siku moja ni mwanzo tu wa safari ambayo mlo huu unaisukuma mbele zaidi. Ini huyavunjavunja mafuta na kutengeneza vitu viitwavyo ketoni, na ketoni, tofauti na mafuta yenyewe, zina njia ya kuingia kwenye ubongo na kutumika kama nishati. Hali hiyo ya damu kujaa ketoni huitwa ketosisi. Pumzi ya mtoto inaweza kunukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na kijiti cha kupimia mkojo hubadilika rangi. Isichanganywe na ile hali ya hatari ya mgonjwa wa kisukari aliyekosa insulini, ambapo ketoni na sukari hupanda pamoja bila kizuizi. Hapa insulini ipo na sukari iko chini, kwa hiyo kuna breki.

Kwa nini ubongo unaotumia ketoni hutulia? Wanasayansi wana majibu zaidi ya moja, na huenda yote yana sehemu yake: nishati ya seli za ubongo huwa thabiti zaidi, kemikali zinazotuliza mishipa ya fahamu hupata nguvu, na baadhi ya asidi za mafuta huzuia moja kwa moja milango inayopitisha msisimko kutoka seli hadi seli.

Kwamba kufunga kula hupunguza kuanguka lilijulikana tangu zama za Wagiriki wa kale. Shida ni kwamba mtoto hawezi kufunga siku zote. Mwaka 1921, daktari wa Marekani Rollin Woodyatt aliona kwamba ketoni hutokea kwa mtu aliyekaa na njaa na pia kwa anayekula mafuta mengi na wanga kidogo. Mwaka huo huo Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, akapendekeza mlo wa kuufanya mwili udhani umefunga ilhali umeshiba, na jina "ketojeniki" ni lake. Mwenzake Mynie Peterman ndiye aliyeweka vipimo vya watoto ambavyo hadi leo havijabadilika sana. Kisha mwaka 1938 ikaja dawa ya kifafa iitwayo fenitoini. Kumeza kidonge ni rahisi kuliko kupima siagi, na mlo ukasahaulika karibu kote, isipokuwa katika hospitali chache kama Johns Hopkins ya Baltimore.

Aliyeurudisha ni mzazi. Mtoto Charlie Abrahams alianza kupata kifafa mwaka 1993 akiwa hajatimiza miaka miwili. Dawa nyingi zilishindwa, upasuaji wa ubongo ukashindwa. Baba yake, Jim Abrahams, mtengenezaji wa filamu wa Hollywood, alijisomea mwenyewe maktaba hadi akakutana na habari za mlo huu, akampeleka mwanawe Johns Hopkins. Kifafa kikakoma ndani ya siku chache. Charlie alikaa kwenye mlo huo miaka mitano. Baba alianzisha taasisi yenye jina la mwanawe ili wazazi wengine wasilazimike kugundua kwa bahati jambo ambalo madaktari walikuwa nalo vitabuni tangu 1921.

Kisa cha mtoto mmoja hakitoshi kuwa ushahidi, na kwa muda mrefu wenye shaka walikuwa na haki. Mwaka 2008 yakatoka matokeo ya utafiti wa London uliohusisha watoto 145 wa miaka 2 hadi 16 ambao dawa ziliwashinda. Waligawanywa kwa kura: nusu wakaanza mlo mara moja, nusu wakasubiri. Baada ya miezi mitatu, asilimia 38 ya kundi la mlo walikuwa wamepungukiwa na kuanguka kwa zaidi ya nusu. Kwa waliosubiri ilikuwa asilimia 6. Zisome takwimu hizi kwa macho mawili. Kwa mtoto aliyekuwa akianguka mara ishirini kwa siku, nusu ni mabadiliko makubwa ya maisha. Lakini wengi wa watoto hawakufikia nusu hiyo, na waliopona kabisa ni wachache. Anayekuahidi kwamba keto "inamaliza kifafa" anakudanganya.

Mlo huu hufikiriwa pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, kwa dozi sahihi, zimeshindwa. Hapa naomba mzazi wa Afrika Mashariki asimame kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo, na kwamba katika nchi za kipato cha chini watu watatu kati ya wanne hawapati matibabu wanayohitaji. Watoto wengi wanaosemwa kuwa "dawa zimewashinda" kwa kweli hawajapewa dawa kila siku: zimekwisha dukani, nauli haikupatikana, au ndugu walishauri zisimamishwe wamjaribu mganga kwanza. Kwa mtoto kama huyo, fenobabitoni, kabamazepini au valproeti inayotolewa bila kukosa ni msaada mkubwa na wa karibu kuliko mlo wowote.

Kuna watoto ambao mlo huu kwao ni tiba ya kwanza kabisa. Mwaka 1991, Darryl De Vivo wa New York na wenzake walieleza ugonjwa ambapo kibebea sukari kiitwacho GLUT1 hakifanyi kazi sawasawa. Damu ina sukari ya kutosha, ila haifiki ubongoni. Mtoto anakula na ubongo wake una njaa. Ketoni hupitia mlango mwingine, na kwa mtoto huyu mlo ni chakula halisi cha ubongo. Hugunduliwa kwa kupima sukari kwenye maji ya uti wa mgongo na kulinganisha na ya damu. Mlo husaidia pia aina fulani za kifafa cha utotoni, kama mishtuko ya kukunjamana ya watoto wachanga na ugonjwa wa Dravet.

Upande wa pili kuna watoto ambao mlo huu unaweza kuwaua: wale waliozaliwa na kasoro inayozuia mwili kuvunja mafuta. Ukimwondolea wanga mtoto ambaye hawezi kutumia mafuta, umemwacha bila nishati yoyote. Kwa nje hutaweza kumtambua. Ndiyo maana hupimwa damu na mkojo kwanza, na ndiyo maana narudia: usianze mwenyewe nyumbani, hata kama aliyekushauri amefaulu kwa mwanawe.

Kazi kubwa iko jikoni na sebuleni. Unahitaji mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Mtoto lazima amalize sahani yote, hata mafuta yaliyobaki pembeni yakombwe kwa kijiko, kwa sababu akila yai na kuacha siagi uwiano umevunjika. Bibi anayempa mjukuu andazi "moja tu, masikini", dada wa kazi anayemwonjesha uji, jirani mwenye pipi, wote wanahitaji kuelezwa kwa upole na kwa uwazi kwamba hiyo ni sawa na kumwaga dawa. Kosa dogo linaweza kurudisha kifafa ndani ya saa chache. Na sukari haiko kwenye chakula pekee. Dawa za maji za homa na kikohozi zina sukari, vitamini za watoto zinazotafunwa zina sukari, hata dawa za kifafa za maji mara nyingi zinayo. Mwambie mfamasia, na panapowezekana mtoto apewe vidonge. Uwe na barua ya daktari mkobani, ili akifika hospitali nyingine wajue kwamba dripu ya glukosi hawekewi ila sukari yake ikiwa imeshuka au daktari ameona lazima. Akitapika au kuharisha, wapigie wanaomtibu mapema. Upungufu wa maji mwilini ni hatari kuliko kupoteza ketosisi, kwa hiyo asinyimwe matibabu kwa kuogopa kuharibu mlo.

Madhara yapo. Kufunga choo ndiyo malalamiko ya kila nyumba. Siku za mwanzo sukari inaweza kushuka, mtoto akasinzia na kutapika, na ndiyo sababu wengi huanzishiwa wodini. Baadaye huweza kuja vijiwe kwenye figo, lehemu kupanda, mifupa kudhoofu na urefu kuchelewa. Mlo wenyewe hauna vitamini na madini ya kutosha, kwa hiyo virutubishi vya nyongeza, pamoja na kalsiamu na vitamini D, ni vya lazima. Dawa za kifafa haziachwi siku mlo unapoanza. Daktari ndiye anayezipunguza, na polepole.

Kwa familia ambazo mizani ya kila mlo haiwezekani, lipo toleo jepesi lililotokana na mlo wa Atkins (mlo wa kupunguza uzito wenye wanga kidogo), lililoanzia Johns Hopkins mwaka 2003. Mzazi anahesabu wanga tu, gramu 10 hadi 20 kwa siku, anahimiza mafuta, na protini haina kikomo. Naona hili ndilo linaloweza kufika kwetu. Huko New Delhi, ambako mkate wa chapati na wali ndio chakula kama kwetu, madaktari walilijaribu kwa watoto 102 na kutoa matokeo mwaka 2013: asilimia 52 ya waliokuwa kwenye mlo walipungukiwa na kifafa kwa zaidi ya nusu, dhidi ya 11.5 ya wasiokuwa nao. Vyakula tunavyo: parachichi, tui zito la nazi, samli, mayai, samaki wa mafuta, mchicha, makadamia ya Kenya. Wanaopungua ni wataalamu wa lishe waliofunzwa kuuendesha na maabara za kuufuatilia, na hilo ndilo la kudai.

Miezi mitatu inatosha kujua kama mlo unafaa. Ikiwa haujabadilisha kitu, unaachwa bila kujilaumu. Ukifaa, kawaida mtoto hukaa nao miaka miwili hivi, kisha uwiano hushushwa kidogo kidogo kwa miezi: tatu kwa moja, mbili kwa moja, hadi kijiko cha kwanza cha ugali kirudi sahanini. Wenye tatizo la GLUT1 huendelea kwa miaka mingi zaidi. Kwa wengine wengi ambao kifafa kilikoma, hakirudi hata baada ya mlo kwisha. Kikirudi, hupandishiwa uwiano tena.