Je, wajua? Dakika kati ya kuamka na sigara ya kwanza ndo zinakuambia uache kwa njia gani

Ukimuuliza mvutaji anavuta kiasi gani atakuhesabia sigara za siku, kumi, pakiti, pakiti na nusu. Ni sawa, ila kuna swali lingine linalofichua mengi zaidi na watu hawalifikirii kabisa: ukishaamka asubuhi, inapita mda gani kabla hujawasha ya kwanza?

Mwanasaikolojia mmoja wa Sweden anaitwa Karl Fagerström alitunga dodoso la kupima utegemezi wa nikotini mwaka 1978, likaja kurekebishwa mwaka 1991, na mpaka leo wataalamu wanalitumia. Hilo la asubuhi lipo kati ya maswali yenye alama nyingi humo ndani. Ukiwasha ndani ya dakika 5 unapewa alama 3, kati ya dakika 6 na 30 alama 2, kati ya 31 na 60 alama 1, ikipita saa nzima hupati kitu, yani sifuri, na hapo sifuri ndo nzuri.

Kwa nini asubuhi? Kwa sababu nikotini haikai mwilini. Kila baada ya kama masaa mawili nusu yake inakuwa imeshaondoka kwenye damu, sasa wewe umelala masaa saba au nane hujavuta, unaamka kiwango kimeshuka chini sana. Kwa hiyo mvutaji anaamka akiwa tayari yuko kwenye arosto, tofauti ni kwamba mmoja mwili wake unaweza kusubiri anawe uso, anywe chai, atoke, na mwingine mwili unadai hata hajashuka kitandani. Hao ni watu wawili tofauti kabisa na kuwapa ushauri mmoja wa "kaza tu roho utaacha" ni kumwonea huyo wa pili.

Ngoja tuone kinachoendelea kichwani. Ukivuta pafu moja nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 mpaka 20 hivi, inaenda kushika sehemu zinazoitwa vipokezi, navyo vinaamsha dopamini, ile kemikali inayouambia ubongo "hiki ni kizuri, kirudie". Kasi hiyo ndo inafanya sigara ing'ang'anie mtu, maana ubongo unaunganisha tendo na raha papo hapo bila kuchelewa. Sasa ukivuta kila siku kwa miaka, ubongo unaongeza idadi ya vile vipokezi, na kila kimoja kimekaa kama kifaranga kimefungua mdomo kinasubiri kulishwa. Siku unayoacha havifi, vinaendelea kudai, na vinapungua polepole. Vipimo vya picha za ubongo vimeonyesha inachukua wiki 6 mpaka 12 hivi kwa vipokezi vya aliyeacha kukaribia kuwa kama vya mtu asiyevuta.

Hapo ndo arosto inapotoka. Inaanza ndani ya masaa machache tu, kwa kawaida kati ya masaa 4 na 24 toka sigara ya mwisho, inapanda, na siku ya pili au ya tatu ndo inakuwa kileleni, halafu inaanza kushuka na wengi inawaachia ndani ya wiki 2 mpaka 4. Hasira za haraka, wasiwasi, huzuni, kushindwa kutuliza akili kwenye kazi, usingizi wa kukatika katika, njaa isiyoisha, wengine choo kinakuwa kigumu, wengine wanatokwa vidonda vya mdomoni, wengine wanakohoa zaidi kuliko walivyokuwa wanavuta mpaka wanaogopa. Ni ngumu kweli, sitaki kumdanganya mtu. Lakini angalia hiyo kalenda vizuri, watu wengi sana wanarudi kwenye sigara siku ya pili au ya tatu wakiamini kwamba kama hali ni hii leo basi baada ya mwezi itakuwaje, wakati hapo walipofikia ndo kilele chenyewe na kinachofuata ni kushuka. Natamani kila anayeacha angeambiwa hili kabla hajaanza.

Sasa njia. Kwanza ule ubishi wa kuacha ghafla au kupunguza kidogo kidogo. Kuna utafiti uliofanyika Uingereza ukachapishwa mwaka 2016, watu karibu 700, nusu wakaacha siku moja na nusu wakapunguza kwa wiki mbili kabla ya siku ya kuacha, wote wakapewa nikotini ya kusaidia na ushauri. Baada ya wiki 4, walioacha ghafla 49% walikuwa bado hawavuti, waliopunguza 39%. Tafiti nyingine zikijumlishwa tofauti inakuwa ndogo au haionekani, kwa hiyo mimi nasema hivi: kama unaweza kupanga siku moja ukakata, kata. Kama ukifikiria kukata ghafla unaahirisha miaka, basi punguza, ila uwe na tarehe ya mwisho na uwe na kitu cha kuziba pengo la nikotini, kwa sababu mtu akitoka sigara ishirini hadi kumi bila msaada mara nyingi anaanza kuvuta kwa ndani zaidi na kuimaliza hadi kwenye kichungi, mwili unapata nikotini karibu ile ile na yeye anahesabu amepunguza.

Kuacha peke yako bila dawa wala ushauri inawezekana, wapo walioweza na wengi tu duniani. Ila ukichukua watu 100 wanaojaribu hivo, baada ya miezi 6 mpaka mwaka wanaobaki bila kuvuta ni kama 3 mpaka 5. Anayewasha baada ya saa nzima au zaidi, anayeweza kukaa siku bila kuvuta na asione shida kubwa, huyo anaweza kujaribu kwa ushauri na mpango mzuri tu. Anayewasha ndani ya nusu saa mimi namwambia wazi asiende mikono mitupu.

Msaada wa kwanza ni nikotini yenyewe bila moshi. Najua watu wanashtuka, "si ndo sumu ile ile?" Hapana. Nikotini ndo inayokufunga, lakini kinachoharibu mapafu na kuleta saratani ni moshi, lami yake na maelfu ya kemikali zinazotoka tumbaku ikiungua, na ile kaboni monoksidi inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Plasta ya nikotini inabandikwa asubuhi kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na nywele, kesho unabadilisha sehemu, inatoa nikotini polepole siku nzima kwa hiyo ile njaa ya chini chini inatulia. Ukiiacha usiku inaweza kukuletea ndoto kali kweli kweli, basi iko ya masaa 16 au unaivua ukilala, ingawa yule wa dakika 5 mara nyingi anafaidika na ya masaa 24 kwa sababu anaamka nikotini bado ipo.

Alafu kuna jojo za nikotini, na historia yake inapendeza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mkemia wa Sweden, Ove Fernö, aliambiwa kwamba mabaharia wa kwenye nyambizi, ambako huwezi kuwasha sigara, walikuwa wanatumia tumbaku ya mdomoni wanatulia. Akajiuliza, kama ni hivo si tuchukue nikotini peke yake tukaiweka kwenye jojo? Ikachukua miaka, jojo ya kwanza ikaanza kuuzwa Uswisi mwaka 1978. Sasa angalia, zipo za miligramu 2 na za miligramu 4, na unajua zinachaguliwaje? Ukiwasha ya kwanza ndani ya dakika 30 toka umeamka unatumia ya 4, ikipita dakika 30 unatumia ya 2. Swali lile lile la asubuhi.

Na haitafunwi kama jojo ya kawaida, hapa watu wengi wanakosea halafu wanasema haifanyi kazi. Unatafuna taratibu mpaka usikie ukali au mchonyoto flani, unasimama, unaiweka kati ya shavu na fizi, ukali ukiisha unatafuna tena kidogo, unahamisha upande. Nikotini inapita kwenye ngozi ya ndani ya mdomo, ukiimeza na mate unapata kwikwi na kichefuchefu na kiu ya sigara iko pale pale. Pia usinywe kahawa, soda wala juisi dakika 15 kabla, asidi yake inazuia nikotini isipite.

Kizuri zaidi ni kuchanganya, plasta kwa ajili ya siku nzima na jojo au lozenji, yani kidonge cha nikotini cha kumung'unya, kwa zile dakika hamu inapopanda ghafla. Inafanya vizuri kuliko kutumia moja peke yake, na kwa mvutaji mzito naona ndo mahali pa kuanzia.

Vidonge viko vya aina tatu na hivi unavipata kwa kuongea na daktari au mfamasia. Varenikilini inafanya kazi kwa ujanja, inakaa kwenye vile vipokezi inavituliza nusu na wakati huo huo inaziba nafasi, kwa hiyo ukivuta huipati ile raha. Unaanza wiki moja kabla ya siku ya kuacha, unaendelea wiki 12, kichefuchefu ndo malalamiko makubwa, inywe na chakula na maji ya kutosha. Zamani iliogopwa kwamba inavuruga akili, ila utafiti mkubwa wa mwaka 2016 wenye watu zaidi ya 8,000, wakiwemo wenye magonjwa ya akili, haukukuta ongezeko la maana, na Marekani mwaka huo huo ikaondoa lile onyo zito kwenye pakiti. Ndugu yake ni sitisini, inatoka kwenye mmea, ilianza kutumika Bulgaria miaka ya 1960, dozi yake ya kawaida ni siku 25. Ya tatu ni bupropioni, yenyewe ni dawa ya sonona iliyogundulika inapunguza hamu ya sigara, lakini mwenye kifafa au aliyewahi kupata degedege asiiguse. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuacha tumbaku mwezi Julai 2024 lilipendekeza hizi zote tatu pamoja na nikotini mbadala. Mjamzito aanze kwa mtoa huduma wake, asijipangie.

Kuna jambo moja halisemwi na linawatesa watu bure. Moshi wa sigara unaamsha kimeng'enya kwenye ini ambacho kinasaga kafeini haraka. Ukiacha, kimeng'enya kinatulia ndani ya siku chache, sasa vikombe vile vile vya kahawa ulivyokuwa unakunywa vinakuacha na kafeini kama mara mbili kwenye damu. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi hauji, na wewe unasema "arosto inaniua" wakati nusu ya shida ni kahawa. Punguza nusu. Na kama unatumia dawa kama klozapini, olanzapini au theofilini mwambie daktari kabla hujaacha, maana nazo zinapanda kwa njia hiyo hiyo na dozi inaweza kuhitaji kushushwa. Ni moshi unaofanya hivi, sio nikotini, kwa hiyo plasta haizuii.

Hamu yenyewe inakuja kama wimbi la dakika chache, mara nyingi tatu mpaka tano, wengine hadi kumi, halafu inapita uvute usivute. Kazi yako ni kuzijaza hizo dakika, tembea kwa kasi, panda ngazi, kunywa maji, mpigie mtu simu, piga mswaki. Mazoezi hata ya dakika kumi yanapunguza hamu, hilo limepimwa. Na kwa wiki za mwanzo kaa mbali na pombe kama unaweza, sigara nyingi za kurudi nyuma zinawashwa na glasi mkononi.

Wengi wanaogopa wakiacha watakosa cha kuwatuliza stresi. Lakini tafiti zilizofuatilia walioacha kwa zaidi ya wiki 6 zilikuta wasiwasi na huzuni vimepungua kuliko walivyokuwa wakati wanavuta. Utulivu ule wa baada ya sigara sehemu kubwa ni arosto inayoondoka, arosto iliyoletwa na sigara iliyopita. Uzito ndo kweli unaongezeka, wastani kilo 4 mpaka 5 ndani ya mwaka, na kwa hilo nasema pambana na sigara kwanza, kilo zina mda wake. Utafiti maarufu wa madaktari wa Uingereza uliochapishwa 2004 ulionyesha anayeacha akiwa na miaka 60 anajiongezea kama miaka 3 ya kuishi, akiacha na 50 miaka 6, na 40 miaka 9, na 30 karibu miaka 10 yote anairudisha.

Ukiteleza ukavuta moja, usivue plasta na usiache vidonge. Hapo watu wengi wanatupa kila kitu wanasema nimeshaharibu, na pakiti inarudi siku hiyo hiyo. Tupa iliyobaki, bandika plasta yako kama kawaida, endelea na dozi, na ujiulize ulikuwa wapi, na nani, saa ngapi. Kama ni asubuhi tu ndo zinakushinda, ongea na mfamasia kuhusu dozi kubwa zaidi au plasta ya masaa 24, na weka jojo pembeni ya kitanda uianze kabla hujainuka.