Kibonge ndio afya? Hapana jamani

Kila siku ya kliniki lazima nimsikie mzazi, "dokta huyu hana shida ni kibonge tu, atapungua akianza kukimbiakimbia shule", na bibi pembeni anaitikia, eti mjukuu akipungua majirani watasema kwetu halishwi. Leo tuelewane maana nimechoka.

Unene wa mtoto haujiyeyushi wenyewe. Wako wanaojirudi ndio, ila wengi wakifika balehe wakiwa wanene wanaendelea hivyo hivyo ukubwani, na madhara yenyewe hayasubiri ukubwa. Mtoto wa darasa la nne anakoroma usiku, mchana anasinzia darasani, magoti yanauma, mwingine presha imepanda na ini limeshaingia mafuta. Halafu kuna ule weusi wa shingoni na kwapani, ngozi imekuwa nene ina mikunjo, mama anasugua na dodoki na limao mpaka mtoto analia akidhani ni uchafu. Sio uchafu mama! Mara nyingi ni dalili insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, haifanyi kazi sawasawa, na huko ndiko kisukari aina ya pili kinakoanzia. Acha dodoki, mlete apimwe sukari.

Na msinipimie kwa macho, vibonge tumewazoea mtaani mpaka mwenye uzito wa kawaida anaonekana mgonjwa. Chini ya miaka 5 tunaangalia uzito kwa urefu, kuanzia 5 mpaka 19 ni BMI (uzito kwa kilo gawanya kwa urefu wa mita mara mbili yake, yaani urefu mara urefu) kwa umri na jinsia, ile 25 ambayo kwa watu wazima ndio mwanzo wa uzito kuzidi ukimpimia mtoto wa miaka 7 utaambiwa yuko poa kumbe alishapitiliza zamani.

"Ni ya ukoo." Kurithi kupo sikatai, ila unene wa homoni ni nadra na mara nyingi mtoto huyo anakuwa mfupi pia. Wengine ukiuliza vizuri ukoo mzima unakula chipsi mayai saa 4 usiku mbele ya tivii.

"Hanywi soda, nampa juisi." Kola ya nusu lita ina sukari inayokaribia vijiko 13 vya chai, na juisi nyingi haziko mbali na hapo hata hiyo ya nyumbani uliyochuja ukaongeza sukari. Mpe embe atafune. Kwenye chupa ya shule weka maji, fanya hilo moja tu kwanza mengine tutaongea.

"Ugonjwa wa watoto wa Masaki." Wapi, sio wa matajiri tu, maandazi na chipsi ziko mpaka uswahilini Mbagala, na viwanja vya kuchezea tumejenga fremu za maduka.

Ila msikimbilie kumnyima chakula wala kumnywesha machai ya kukata tumbo, huyo bado anakua. Wengi tunataka uzito usimame tu, urefu uongezeke. Acheze angalau dakika 60 kwa siku, mboga ziongezwe kwenye sahani ya kila mtu pale nyumbani sio yake peke yake, na bibi naye aache kumlazimisha amalize wali wakati ameshasema ameshiba.