Pasti pepa za 11+ hakuna, msiniulize tena

Jana saa nne na nusu usiku simu inalia, meseji: "Shikamoo dada mwalimu, tumesikia mtihani umebadilishwa tena, tutumie pasti pepa mpya." Huyo ni mzazi wa nne mwezi huu kuniulizia 11+, mtihani wa kuingia sekondari za grama huku Uingereza.

Marahaba. Hakuna.

Najua ugonjwa huu umetoka wapi. Sisi tumekulia kwenye darasa la saba, wenzetu wa Kenya kwenye KCPE, unanunua kitabu cha marudio chenye mitihani ya miaka kumi unakipiga mpaka majalada yanatoka, na swali la mwaka juzi unalikuta limebadilishwa jina la Juma tu. Sasa mzazi anahamia huku Slough, anasikia kuna shule za grama, za serikali na hazina ada, mtoto anafanya mtihani Septemba akiwa na miaka kumi, basi anatafuta kitabu kilekile. Kampuni ya GL Assessment, ambao ndio wanatunga sehemu kubwa ya hii mitihani, hawatoi ya miaka iliyopita. Wana vijitabu vichache vya kumzoesha mtoto, bure kabisa, na mazoezi mengine wanauza. Hizo "pasti pepa halisi" mnazouziana kwenye magrupu ya WhatsApp ametunga mtu jikoni kwake. (Essex ni habari nyingine, wana mtihani wao wa Kiingereza na hesabu na ya nyuma wanaitoa, ila wewe unakaa Slough.)

Na hayo mabadiliko mnayoyaogopa, hebu tuyapitie haraka. Mwaka 2013 Buckinghamshire, hapa jirani, walihamia kwa CEM, watungaji mitihani wa Chuo Kikuu cha Durham, ikasemwa mtihani huu mwalimu wa tuisheni hataweza kuufundishia. Haikuchukua muda vitabu vya "mtindo wa CEM" vikajaa madukani, na mimi sijitoi, nilivinunua na nikafundisha navyo. 2014 Kent wakaongeza Kiingereza. Baadaye Buckinghamshire wakarudi GL, CEM nao wakaacha mitihani ya karatasi, Birmingham wakahamia GL 2022. Kila mara wazazi wanakimbia kutupa vitabu vya mwanzo, na kila mara ndani ni vitu vilevile, maneno, kusoma na kuelewa, hesabu za kasi, maumbo. Kinachobadilika ni mpangilio, dakika, na kama mtoto anachagua jibu au analiandika.

Sasa tuje kwenye kinachonitoa povu: asilimia. "Mwalimu, kwenye moko amepata 82%, si amepita?" Sijui! Hakuna anayejua! Pale Buckinghamshire alama ya kufuzu ni 121, na hiyo 121 siyo maswali 121, wala siyo asilimia. Wanachukua maswali aliyopata, wanayalinganisha na ya watoto wenzake, wanaingiza na umri wake kwa miezi, halafu ndiyo inatoka hiyo namba. Maana yake, mtoto aliyezaliwa mwisho wa Agosti na aliyezaliwa mwanzo wa Septemba wako darasa moja lakini wamepishana karibu mwaka mzima, wakipata maswali sawasawa basi yule wa Agosti anatoka na alama ya juu. Pepa likiwa gumu 60% inaweza kutosha, likiwa jepesi 85% ikakuacha nje. Kwa hiyo moko iliyotungwa na mtu asiyejua watoto wengine wamefanyaje inakupa namba ya kukufurahisha au kukunyima usingizi, basi. Nishaona mtoto analia ndani ya gari kwa ajili ya namba isiyo na maana yoyote.

Muda huo mngeutumia kwenye maneno, maana Buckinghamshire nusu nzima ya alama inatoka upande wa maneno. Nina mwanafunzi mmoja, hesabu zake moto, akakutana na neno "ladle" akabaki anatazama dari. Nikamuuliza mama anapakua mchuzi na nini, akajibu fasta, "Upawa!" Kitu anakijua, anakishika kila Jumapili, jina la Kiingereza tu ndilo hana, kwa sababu shuleni hakuna anayepakua mchuzi. Vitu vya jikoni, vya ushonaji, vya shamba ndio vinawaangusha watoto wetu, siyo maneno makubwa ya vitabuni. Na jamani msiache kuongea Kiswahili nyumbani eti kwa sababu ya mtihani. Mwambie "huu upawa, kwa Kiingereza unaitwa hivi", imeisha hiyo.

Nikiri kitu lakini. Sijui tuisheni yangu inaongeza kiasi gani. Waliofaulu kwangu wengi walikuwa wasomaji kabla hawajanifahamu, na kuna aliyeanguka nikiwa nimeapa moyoni kwamba huyu anapita, leo yuko shule ya kawaida na anang'ara kuliko wawili niliowasherehekea. Wazazi wakinilipa nafikiria hilo, halafu napokea hela.

Nina uhakika na karatasi ya majibu tu. Mtoto anasoma maswali kwenye kijitabu, majibu anayachora kistari kwenye karatasi nyingine inayosomwa na mashine. Mmoja wangu aliruka swali la 14 kwenye kijitabu, kwenye karatasi hakuruka, akaendelea hivyo, jibu la 15 liko kwenye 14, la 16 kwenye 15, mpaka chini, na mengi alikuwa amepatia. Bahati yake tulikuwa mezani kwangu. Tangu siku hiyo kila baada ya maswali matano nawafundisha wasimame, kidole kwenye namba ya kijitabu, kidole kwenye namba ya karatasi, waendelee. Wanaona ni ushamba. Wanafanya hivyohivyo.