Si uvivu: uchovu wa mtoto aliyepona saratani

Msimu wa karafuu Pemba, usiku nyumba nzima hukaa kuchambua. Kijana wa jirani yetu hapa Wete alitibiwa saratani ya damu Dar es Salaam akiwa mdogo, sasa ana miaka 13. Pishi ya kwanza haijajaa, keshalala na shada mkononi. "Mvivu huyo, kadekezwa hospitali," husema watu.

Keshapona, kachoka na nini? Ndiyo dhana ya kwanza. Dawa huisha, athari zake hubaki. Doksorubisini, ile dripu nyekundu inayogeuza rangi ya mkojo, inaweza kudhoofisha moyo, na dalili zikajitokeza miaka mingi baadaye. Mionzi ya kichwani inaweza kuvuruga homoni. Si kila mtoto hupatwa, ila ndio maana karatasi yenye majina ya dawa na vipimo alivyopewa isiachwe Dar. Daktari wa huku ataihitaji.

"Mwacheni alale tu." Hili huniudhi zaidi, kwa kuwa hutoka kwa wenye huruma. Uchovu wa kawaida huondoka kwa usingizi, huu hauondoki. Anayelala mchana kutwa hukesha usiku, na misuli hulegea. Kinachosaidia ni kuutia mwili kazi kidogo kidogo kila siku, daktari akisharidhika na moyo wake: aende chuoni, kwenye Kurani, kwa miguu, asipakiwe kwenye baiskeli.

Wengine husema kijicho. Kisomo sikatazi, wangu mwenyewe nawasomea. Lakini damu ikipungua au tezi ya shingo ikilegea, hujulikana kwa kipimo cha damu. Na huzuni je? Mtoto karudi skuli, aliokuwa nao darasa moja wamempita, anakaa na wadogo zake. Hilo nalo huchosha, na mwalimu akiambiwa mapema anaweza kumpunguzia.

Wapo pia wazazi wanaodhani kila uchovu ni saratani imerudi. Mara nyingi sivyo. Ila ukiwa mpya, tena una homa, michubuko isiyo na sababu au kukonda, apelekwe hospitali bila kungoja.

Yule kijana siku hizi huchambua alasiri, jua likishapunga. Nusu pishi, ananawa mikono, anaondoka. Usiku haitwi tena.