Peptidi za protini ya samaki: zinachofanya kwenye moyo na ini

Poda na vidonge vya peptidi za samaki huuzwa kana kwamba ni dawa ya presha na ya ini lenye mafuta. Si dawa, ingawa si uzushi mtupu pia.

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino. Ukikatwa na vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali), hupatikana vipande vifupi, kwa kawaida vya asidi amino 2 hadi 20, na hivyo ndivyo peptidi. Kiwandani, minofu au mabaki ya samaki husagwa, huchanganywa na maji na kimeng'enya, kisha huachwa kwa saa kadhaa kwenye nyuzi joto 50 hadi 60 za Selsiasi. Baada ya hapo joto hupandishwa hadi nyuzi 85 au zaidi kwa dakika 10 hadi 15 ili kimeng'enya kisiendelee kufanya kazi. Hatua hiyo ikichelewa, ukataji hupita kiasi na bidhaa hubadilika. Uchungu wa poda hizi hutokana na asidi amino zisizopenda maji, ambazo hujitokeza nje mnyororo unapokatika. Tena, asidi na alkali zinazotumika kurekebisha mchanganyiko huacha chumvi ndani yake, jambo baya kwa mtu anayetafuta kushusha presha.

Kuhusu moyo, maelezo ya kisayansi yanaeleweka vizuri. Mwilini kuna kimeng'enya kinachogeuza kemikali iitwayo angiotensini I kuwa angiotensini II, ambayo hubana mishipa ya damu. Baadhi ya peptidi za samaki, hasa za asidi amino 2 au 3, hukizuia. Dawa ya presha ya kaptoprili hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, na wazo lake lilitokana na peptidi za sumu ya nyoka wa Brazili, Bothrops jararaca. Tofauti iko kwenye nguvu. Peptidi inayofanya vizuri maabara hukatwakatwa tumboni na kwenye damu kabla ya kufika inakotakiwa. Katika majaribio ya watu wenye presha iliyopanda kidogo, kushuka kulikoonekana ni kwa milimita chache za zebaki (kipimo cha presha), na majaribio mengine hayakuona kitu. Anayetumia enalaprili au lisinoprili, dawa za presha za aina hiyohiyo, asiache dawa kwa ajili ya poda, wala asiiongeze bila daktari kujua.

Kuhusu ini, ushahidi mwingi ni wa panya. Wakilishwa protini ya samaki iliyokatwa, mafuta ya ini hupungua kwa sababu seli huchoma mafuta zaidi na kolesteroli nyingi hutoka kupitia nyongo. Taurini na glisini, aina za asidi ambazo samaki anazo, huunganishwa na asidi za nyongo kwenye ini. Kwa binadamu tafiti ni chache, ndogo, na majibu yake yanapishana. Kinachojulikana kusaidia ini lenye mafuta ni kupunguza uzito: asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta ya ini, na asilimia 7 hadi 10 hutuliza uvimbe wake.

Peptidi zisichanganywe na mafuta ya samaki. Omega-3 iliyo kwenye mafuta hayo hushusha trigliseridi (aina ya mafuta ya damu), lakini haimo kwenye poda ya protini iliyoondolewa mafuta. Kolajeni ya ngozi ya samaki nayo ni peptidi, ila haina triptofani, asidi amino ambayo mwili lazima uipate kwenye chakula, hivyo haiwezi kuwa protini pekee ya mlo.

Ukitaka kununua, soma kiasi cha sodiamu na gramu za protini kwa kipimo kimoja. Mwenye mzio wa samaki aepuke kabisa, kwani kukata protini hakuondoi mzio kwa uhakika. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza.

Minofu mibichi ya gramu 100 ina takriban gramu 20 za protini, na vimeng'enya vya pepsini na tripsini vya tumbo na utumbo huikata vyenyewe kuwa peptidi bila gharama ya ziada. Ni bora samaki achemshwe au aokwe bila chumvi nyingi. Jodari na vibua wahifadhiwe kwenye nyuzi 4 au chini mara tu wanapovuliwa, kwa sababu histamini, kemikali yenye madhara inayojitengeneza kwenye joto, haiondoki hata ukiwapika.